Kiangazi cha Kamba, Kamera na Barabara za Vumbi: Mwongozo wa Kupiga Picha za Wapanda Miamba Magharibi mwa Marekani

Siku yangu ya kwanza kupiga picha za wapanda miamba nilirudi na picha mia nne na ushei, na karibu zote zilikuwa za makalio. Nilisimama chini ya mwamba kama mtazamaji mwingine yeyote, kamera nimeielekeza juu, na kadiri mpandaji alivyopaa ndivyo nilivyobaki kuona soli za viatu, mkanda na suruali. Uso hakuna, mikono hakuna. Hata ule urefu ulionitetemesha magoti haukuonekana, maana ukuta ukitazamwa kutoka chini hufupika. Jioni mwenzangu aliyekuwa akipanda alizipitia zote kimya, kisha akaniambia, "Kesho ukitaka uso wangu, unitangulie."

Mwongozo huu ni maelezo marefu ya neno hilo moja: namna ya kumtangulia mpandaji ukutani, kulitangulia jua, kuitangulia radi ya mchana, na kufika huko kwa gari la kawaida kupitia barabara ambazo hazina lami wala mtandao wa simu. Nimemwandikia mtu anayeijua kamera yake, mwenye wiki sita hadi kumi za nafasi, na asiyeona tabu kulala ndani ya gari.

Hatua ya 1: Fuata ubaridi

Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba barabara za magharibi mwa Marekani ni nzuri, lakini miamba ya chini haipandiki. Jiwe likipata moto vidole hutoa jasho na soli laini za viatu vya kupandia hazishiki. Ndiyo maana Joshua Tree jangwani, na yale mawe makubwa ya Buttermilk karibu na mji wa Bishop, huwa karibu matupu mwezi wa Julai. Usipange safari kwa majina uliyoyaona kwenye picha za wengine. Picha nyingi za huko zilipigwa wakati watu wamevaa makoti.

Panga kwa mwinuko. Bonde la Yosemite, ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina hilo huko California, liko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi hugeuka tanuri. Tuolumne Meadows, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, iko kama mita 2,600, na huko unaweza kupanda mchana ukiwa na shati la mikono mirefu. Barabara ya kufika huko, namba 120, hupita Tioga Pass kwenye mita 3,031 na hufungwa na theluji msimu wote wa baridi. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni, ila usiweke nadhiri: mwaka 2023 theluji ilikuwa nyingi mno, ikafunguliwa tarehe 22 Julai.

Mzunguko ninaoupenda mimi ni huu. Juni nakuwa upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada, kando ya barabara namba 395, nikipanda kwenye makorongo ya juu kama Whitney Portal. Julai naingia Tuolumne. Mwishoni mwa Julai nakata Nevada kuelekea City of Rocks, kusini mwa Idaho, na Agosti naimalizia Wyoming: Wild Iris karibu na Lander, na Ten Sleep Canyon. Huko Wyoming jiwe ni dolomaiti lenye vishimo vya kuingiza vidole, si graniti, na mpandaji hujipinda kwa namna nyingine kabisa. Kwa mpiga picha hiyo ni faida, maana baada ya mwezi mzima wa graniti mikao huanza kufanana.

Hatua ya 2: Vibali na miiko

Hapa nitapita haraka, ila usiruke.

Droni iache nyumbani. Hifadhi za taifa za Marekani zimepiga marufuku kurusha droni tangu 2014, na walinzi hawana utani nayo. Kuhusu picha zenyewe mambo yamelegea: sheria iliyotiwa saini Januari 2025 imeondoa kibali kwa kikundi cha watu watano au pungufu, hata kama picha ni za kuuza, mradi mko mahali umma unaporuhusiwa na hamzuii wengine.

Kuta nyingine hufungwa kwa sababu ya kipanga aina ya perigrini anayetaga kwenye vibaraza vya mwamba. Yosemite hufunga kuta hizo kwa kawaida kuanzia 1 Machi hadi 15 Julai, na orodha hubadilika kila mwaka kulingana na ndege walikotaga. Devils Tower, Wyoming, ni habari nyingine. Mwamba huo ni mahali patakatifu kwa makabila kadhaa ya wenyeji wa asili, na tangu 1995 wapandaji huombwa wasiuguse mwezi wote wa Juni. Ni ombi, si amri, na wapo wanaopanda. Mimi Juni sipigi picha pale, na nikiletewa picha ya Juni ya pale siinunui.

Kulala: ardhi ya umma iliyo chini ya BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi, pamoja na misitu ya taifa, mara nyingi huruhusu kupiga kambi bure nje ya kambi rasmi, kwa kawaida hadi siku 14 mahali pamoja. Kwa California chukua kibali cha moto. Ni bure, na kwenye kambi zisizo rasmi kinahitajika hata kwa jiko dogo la gesi. Ndani ya Yosemite usiache chakula kwenye gari usiku. Dubu hufungua mlango wa gari kama wewe unavyofungua kopo. Dawa ya meno nayo huhesabiwa ni chakula.

Hatua ya 3: Jifunze kuning'inia kabla hujashika kamera

Galen Rowell, ambaye wapiga picha wengi wa milima bado humtaja, alikuwa na karakana ndogo ya magari California. Aliiuza 1972 ili aishi kwa kupiga picha. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walipanda uso wa kaskazini-magharibi wa Half Dome, huko Yosemite, bila kupigilia msumari hata mmoja kwenye jiwe, na picha zake zikatoka kwenye jarida la National Geographic la Juni 1974. Alikuwa mpandaji kwanza. Alibeba kamera ndogo na lenzi nyepesi kwa kuwa alijua uzito utamwangukia nani.

Huhitaji kupanda kama yeye. Unahitaji mambo manne, na uyaweze ukiwa umechoka na upepo unavuma: kufunga fundo la nane na kulikagua, kujenga nanga yenye mashiko mawili yasiyotegemeana, kupanda kamba iliyotundikwa kwa kutumia majumari (vibano vya chuma vinavyopanda kamba bila kurudi chini) au kitanzi cha Prusik (kamba nyembamba inayoibana kamba kuu), na kubadili kutoka kupanda kwenda kushuka ukiwa hewani. Hilo la nne ndilo linalowakwamisha wapiga picha wapya. Mtu anapanda mita ishirini vizuri kabisa, anapiga picha zake, halafu anagundua hajui kushuka.

Haya hayafundishwi na maandishi, yangu yakiwemo. Lipia siku mbili na mwongozaji mwenye cheti cha chama cha waongozaji wa milima cha Marekani, AMGA, na mwambie waziwazi kwamba unataka kazi ya kamba ya mpiga picha, si somo la kupanda. Kisha rudia peke yako kwenye mti mfupi, mita mbili juu ya nyasi, mpaka mikono ifanye bila kuuliza kichwa.

Hatua ya 4: Soma jua siku moja kabla

Aliyekulia karibu na ikweta ana tabia moja ya kuacha hapa. Kwetu jua hupita karibu na utosi na kuzama upesi, na mwanga mzuri ni wa kupepesa macho. Kwenye latitudo ya Yosemite, mwishoni mwa Juni, bado unaona njia saa mbili na nusu usiku. Adhuhuri jua huwa upande wa kusini daima. Lakini huchomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini, ambao kutwa uko kivulini, hupata mwanga wa pembeni asubuhi sana na jioni sana. Mwanga huo unaopita sambamba na jiwe ndio unaoinua kila mkunjo na kila punje. Ukutani hapo usiende saa sita.

Upande wa mashariki wa Sierra kazi ni ya alfajiri. Kabla jua halijatoka vilele hugeuka waridi, kisha rangi ya chungwa, kisha vinakuwa mawe tu. Yote hayo ndani ya muda wa kuchemsha chai. Ukilala hadi saa moja umekosa. Alasiri milima yenyewe huliziba jua, na bonde zima la Owens huingia kivulini wakati anga bado ni ya buluu. Ten Sleep Canyon ina kuta pande zote mbili, na wapandaji huhama na kivuli. Uliza jana yake watakuwa upande gani saa ngapi, halafu uamue kama unataka kivuli chao au jua la ukingoni.

Mchana uliotangulia kaa chini ya ukuta na daftari. Andika saa mwanga ulipogusa hatua ngumu ya njia ya mpandaji na saa ulipotoka. Programu za simu hukuonyesha jua liko wapi, ila hazijui kwamba mwamba wa jirani una pua inayotupa kivuli pale hasa unapopataka.

Hatua ya 5: Tundika kamba yako

Fika juu kabla ya mpandaji kufunga viatu. Kama kuna njia ya kutembea inayozunguka hadi kileleni, ipite. Kama haipo, mwombe mwenzio apande kwanza na kamba yako mgongoni na kuitundika.

Kamba ya kupandia hunyumbuka ili kupokea anguko. Ukining'inia juu yake utapanda na kushuka kama ndoo kisimani, na picha zako zitacheza nawe. Tumia kamba tuli, isiyonyumbuka, ya milimita 10 au 11. Ifunge kwenye bolti mbili angalau, kila moja ikiweza kukubeba peke yake. Mwisho wa kamba weka fundo nene, ili usije ukateleza na kupita ncha. Mahali kamba inapopinda kwenye ukingo wa jiwe pavishe kinga. Mimi hutumia kipande cha mpira wa zimamoto uliochakaa, nimeupasua kwa urefu na kuutoboa tundu la kuufunga. Kamba iliyobeba mtu anayeyumba kushoto na kulia ukingoni ni msumeno, na kinachokatwa ni kamba, si jiwe.

Sasa, wapi hasa? Usiitundike juu ya njia ya mpandaji. Sogea pembeni mita mbili hadi nne, upande ambao uso wake utageukia. Hilo utalijua kwa kumtazama akijaribu zile hatua ngumu, au kwa kumwuliza tu. Wapandaji huzikumbuka hatua zao kwa mkono na mguu. Kisha shuka hadi uwe mita tatu au nne juu ya hatua ngumu. Hapo unapata uso, mikono, na chini yake hewa yote hadi kwa mshika kamba, yule anayemlinda kutoka chini, aliyebaki kama mdudu. Urefu unaouogopa ndio sasa umeingia kwenye picha.

Funga fundo la dharura kwenye kamba chini yako kila baada ya mita kadhaa unapopanda. Vaa helmeti. Kaa juu ya kibao. Hili la kibao watu hulidharau, hadi dakika ya ishirini miguu inapokufa ganzi. Mkanda wa kupandia haukutengenezwa kwa mtu wa kuning'inia bila kutikisika, na damu ikikwama mapajani unaweza kuzimia. Ubao wa upana wa dirisha dogo wenye matundu manne na utepe hutosha. Bila ubao, weka mguu kwenye kitanzi na usimame kila baada ya dakika chache.

Kila kitu kiwe na kamba yake: kamera kwenye mkanda, lenzi ya pili ndani ya mfuko uliofungwa, simu na miwani pia. Kifuniko cha lenzi kilinitoka mara moja tu. Nilikisikia kikigonga jiwe, kimya, kikagonga tena mbali zaidi, kimya kirefu, halafu sauti ya plastiki juu ya plastiki. Kilikuwa kimetua kwenye helmeti ya mshika kamba. Hakutikisika, na hakuiachia kamba ya mwenzetu. Tangu siku hiyo vifuniko hubaki kwenye gari.

Hatua ya 6: Piga, lakini usiwe kero

Lenzi moja inatosha ukiwa kambani: ya milimita 24 hadi 70. Ile ndefu ya 70 hadi 200 ni ya kusimama ng'ambo ya bonde au kwenye mwamba wa jirani, na kwenye kamba ni mzigo mtupu. Kubadilisha lenzi hewani ni kuomba vumbi la chaki, ile wanayojipaka wapandaji mikononi, liingie ndani.

Kasi ya shata anzia 1/500 kwa mwendo wa kawaida, 1/1000 kama mpandaji ataruka kushika shimo la juu au anakaribia kuanguka. Tundu la lenzi f/5.6 hukuachia nafasi ya kukosea fokasi kidogo. Piga faili ghafi.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi niliyosoma hailigusi. Graniti ya Sierra karibu ni nyeupe. Kamera ikiona jeupe jingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na mpandaji mwenye ngozi nyeusi anageuka kivuli chenye meno. Usiiachie kamera iamue. Pima mwanga kwenye shavu lake au kwenye mkono wako mwenyewe ukiwa kwenye mwanga ule ule, funga vipimo kwa mkono, na kubali jiwe ling'ae kidogo. Kwenye kivuli kazi ni rahisi: graniti ya jirani iliyo juani huwa kama karatasi kubwa inayorudisha mwanga laini usoni.

Mwombe mpandaji avae shati jekundu, la njano au la chungwa. Kijivu kwenye kijivu humpoteza, na nyeusi humgeuza tundu.

Kisha usidanganye mteremko. Ni rahisi kuinamisha kamera ili bamba la mteremko mpole lionekane ukuta wa kifo, na wapandaji hukugundua papo hapo. Mfuko wa chaki kiunoni huning'inia kama timazi ya mwashi, na kamba iliyolegea nayo hivyo hivyo. Timazi ikielekea kona ya picha, kila anayejua ameshakucheka.

Kuhusu kero: nyamaza. Mpandaji akiwa kwenye hatua ngumu usimwambie "tazama huku". Usiuguse ukuta karibu na mikono yake, usimmwagie vumbi, na kamba yako isikaribie yake. Mpandaji Alex Honnold alipopanda El Capitan, ukuta mkubwa wa Yosemite, bila kamba tarehe 3 Juni 2017, Jimmy Chin na wenzake waliokuwa wakimpiga filamu, ambao wote ni wapandaji, waliweka kamera ya kuendeshwa kwa mbali kwenye sehemu ngumu kuliko zote ili asiwepo mtu wa kumvuruga. Wewe na rafiki yako mko kwenye mita thelathini na kamba ipo, lakini adabu ni ile ile. Ukitaka mkao urudiwe, subiri amalize, ashushwe, apumzike, halafu muulize kama mikono bado ipo.

Piga pia visivyo kupanda: vidole vilivyochanika vikifungwa plasta, mshika kamba aliyekaza shingo, viatu vikianikwa juu ya boneti. Nikizipitia picha zangu za miaka iliyopita, hizo ndizo ninazosimama nazo muda mrefu.

Hatua ya 7: Barabara

Gari la magurudumu manne si lazima. Kilicho lazima ni tumbo la gari kuwa juu ya kutosha na matairi yenye meno. Hakikisha tairi la akiba ni tairi kamili, si lile jembamba la kuazima, na siku moja kabla ya safari jaribu jeki yako kwenye udongo laini. Itazama. Ndipo utakapojua kwa nini watu hubeba ubao wa kuiwekea chini.

Barabara za changarawe hufanya makunyanzi, kama bati la nyumba, kutokana na magurudumu kurukaruka mahali pale pale. Dereva mgeni hukaza meno na kwenda polepole, na kila kitu ndani ya gari kinalia. Punguza upepo wa matairi: kama kawaida yako ni psi 35, shuka hadi 25 hivi, na kwenye mchanga mzito chini zaidi. Mwendo utalainika sana. Ila beba pampu, maana ukirudi kwenye lami na tairi laini, ukakimbia, litachemka na kupasuka.

Makunyanzi yana adui mwingine asiyesemwa: hufungua skrubu. Kiangazi kimoja, baada ya siku tatu za vumbi huko Nevada, nilitoa kamera begini na pete ya lenzi ikabaki mkononi mwangu. Skrubu tatu kati ya nne zilikuwa chini ya begi, ndogo kama mbegu za ufuta. Ya nne sikuiona tena. Siku hizi kamera haikai sakafuni wala kwenye buti. Inakaa juu ya kiti, ndani ya begi, juu ya godoro langu lililokunjwa, na bisibisi ndogo iko kwenye mfuko wa mlango. Kila jioni nakaza skrubu za tripodi na za sahani yake.

Kuhusu vumbi, mfuko wa plastiki wenye zipu ndani ya begi hushinda begi la bei kubwa. Ukisimama, usifungue mlango hadi wingu lako mwenyewe la vumbi likupite.

Mafuta: ukiona pampu na tanki limefika nusu, jaza. Nevada na kusini mwa Idaho kwenda zaidi ya kilomita mia bila kituo ni jambo la kawaida, na mji ulioandikwa kwenye ramani unaweza kuwa nyumba mbili na ng'ombe. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake. Pakua ramani kwenye simu kabla mtandao haujakata, na chukua ile ramani ya bure ya Idara ya Misitu inayoonyesha njia zipi magari yanaruhusiwa. Ni mbaya kwa sura, haina milima wala rangi, lakini mlinzi wa msitu akikusimamisha ndiyo anayoisoma yeye. Geti la malisho liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi.

Udongo wa mfinyanzi wa Wyoming na Utah ukilowa, egesha gari na upike. Mvua ya dakika kumi huugeuza sabuni, halafu gundi. Tairi hujaa tope mpaka linakuwa duara lisilo na meno. Jua likitoka, baada ya saa chache pengine utapita kama hakuna kilichotokea. Waliojaribu mapema utawaona: makovu yao yamekauka barabarani, na gari moja liko mtaroni likingoja trekta. Na usilale kwenye mkondo mkavu wa mchanga hata kama ni tambarare na unapendeza. Julai na Agosti mvua hunyesha milimani usikoona, na maji hukufuata chini ya anga safi.

Hatua ya 8: Kabla ya radi

Kwenye Sierra na milima ya Rocky mawingu ya kiangazi hujengeka mchana. Asubuhi anga ni safi, saa nne kuna pamba ndogo, saa saba pamba imekuwa mnara. Panga uwe umeshashuka kileleni saa sita. Ukiona mwale, hesabu hadi usikie ngurumo: sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya thelathini, kazi imekwisha, na mpiga picha aliyetundikwa karibu na kilele ndiye wa kwanza kushuka, maana yeye huchelewa zaidi. Picha ya wingu jeusi utaipiga ukiwa ndani ya gari.

Jiwe la mchanga lililolowa usilipande wala usimwombe mtu alipande, hata kama rangi zake zimenona baada ya mvua. Maji hulainisha kinachoshikanisha punje, na vishikio huvunjika. Subiri siku moja hadi tatu, hadi udongo chini ya ukuta ukauke hata ukiuchimba kwa kidole.

Agosti huleta moshi wa misitu. Siku ya moshi mwepesi jua huwa jekundu na kuta hupangana kama mapazia, na picha hupendeza kweli. Mapafu ya mpandaji hayafaidiki. Angalia kipimo cha hewa asubuhi, na ikibidi hama jimbo.

Hatua ya 9: Jioni

Nakili kadi mara mbili, kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale pamoja: moja kwenye gari, moja kwenye mfuko unaotembea nawe. Magari yaliyoegeshwa chini ya miamba huvunjwa vioo, na mwizi hachagui. Usifute kadi hadi nakala zote mbili zimefunguka na umetazama picha chache. Usiache kamera wala diski juu ya dashibodi mchana.

Wape wapandaji picha zao wiki hiyo hiyo, ndogo za simu tu, na uwaulize kabla ya kuuza yoyote. Kuta ndogo ambazo wenyeji wamekuonyesha kwa kukuamini usizibandikie jina la mahali, na futa viwianishi ndani ya faili.

Mwisho wa kiangazi osha kamba kwa maji ya vuguvugu bila dawa ya madoa, ianike kivulini, kisha ipitishe yote mkononi polepole, mita kwa mita. Ukikuta mahali inajikunja kama karatasi, au bonge gumu, au ganda limechubuka hadi ndani pameonekana peupe, kata pale pale. Vipande vifupi hufungia mizigo juu ya gari mwaka ujao, na kinachobaki kirefu andika tarehe kwenye plasta na ukibandike nchani.